Ghorofa ya Nane Haipo

Zima-Washa hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na wakazi wa jengo, kwa sababu alikuwa fundi wa lifti, na kila alipoitwa, mlango uwe umeng'ang'ania au taa ya kitufe iwe imegoma, dawa yake ya kwanza ilikuwa hiyohiyo: zima, subiri kidogo, washa. La kuudhi ni kwamba mara nyingi dawa ilikubali. Basi kichwa kikamvimba. Alipita koridoni na mkoba wake wa bisibisi kama daktari bingwa anayekagua wodi, na ukimuuliza ubovu ulikuwa nini, anakujibu kwa ule upole wa mtu anayekuhurumia, "Ah, ilihitaji kupumua tu."

Msianze kumcheka, tutafika huko. Alikuwa fundi wa kusomea, ameajiriwa na kampuni inayotunza lifti za nusu ya mji, na pale ofisini hakuna aliyekuwa na subira kama yake ya kukaa na mashine iliyonuna. Lakini katika lifti zote alizotunza, moja ndiyo ilikuwa ya moyoni, ya jengo alilokulia. Mama yake alikuwa bado anaishi humo, ghorofa ya nane, juu kabisa, na magoti yake yalishaanza kumgomea.

Sasa hiyo ghorofa ya nane ina kisa chake. Jengo lilijengwa likiwa na ghorofa saba. Miaka ikapita, mwenye jengo akatazama juu, akaona hewa nyingi inakaa bure, akaongeza ya nane. Ngazi zikarefushwa, njia ya lifti ikarefushwa, na kitufe cha nane kikabandikwa juu ya cha saba, cha rangi nyingine na kimekaa upande kidogo. Baadaye lifti ilipohitaji ubongo mpya, yaani kile kisanduku chenye kompyuta ndogo kinachoiambia isimame wapi, ofisi ikapeleka kiwandani michoro ya zamani. Kiwanda kiko mbali na hakijui habari za mtaani. Kikatengeneza kisanduku kinachoamini kwa dhati kwamba jengo lina ghorofa saba. Zima-Washa ndiye aliyekifunga, na ndiye aliyekiandikia kwa mkono wake: nane. Kikakubali bila ubishi.

Kisanduku kilikuja na sauti pia. Bibi mmoja wa kiwandani, mwenye sauti laini kama muuza manukato, alitangaza kila ghorofa kwa lugha nne mfululizo, na hata moja haikuwa yetu. Alipokuwa anamalizia ya tatu kwa lugha ya nne, wewe ulishapita ya tano. Wakazi wakaitisha mkutano. Wakasema kwa mdomo mmoja kwamba iwekwe sauti ya nyumbani, na wote wakamgeukia mama yake Zima-Washa. Huyu mama alifanya kazi ya simu, enzi zile za kuunganishiwa, na inasemekana watu walikuwa wakipiga namba wanazojua hazishikiki ili tu wamsikie akiwaambia wasubiri. Jengo zima lilimwita Bibi wa Simu.

Mama akavaa miwani, akakohoa kidogo, akashika karatasi. Mumewe, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa jengo, akasema, "Hebu kwanza nijaribu kama hiki kipaza sauti kinafanya kazi."

Alijaribu kutoka chini mpaka ghorofa ya nane. Na angekuwa anataja namba tu, si haba. Wapi! "Ghorofa ya pili. Wenye mizigo watangulie, acheni kusukumana." "Ghorofa ya tano. Kama umesahau funguo, umeshachelewa." "Ghorofa ya nane. Mwisho wa safari, hewa safi, vuta mpaka utosheke." Halafu ya kurudi chini, aliyoipenda kuliko zote: "Tumefika chini. Mama watoto, shuka polepole." Mkutano ukapiga makofi haraka, maana walimjua, wasingepiga angeanza upya. Mama akavua miwani, akaikunja, akaenda kubandika chai. Tangu siku hiyo mzee akaitwa Bwana Matangazo, na kila aliyeshuka na ile lifti, hata awe baba mzima na ndevu zake, aliambiwa kwamba yeye ni mama watoto na ashuke polepole.

Miaka michache baadaye Bwana Matangazo akafariki, ghafla, kwa moyo. Sauti ikabaki. Siku za mwanzo watu waliingia kwenye lifti wakanyamaza kama wako msibani. Jirani wa ghorofa ya saba, mama mmoja ambaye hakuwahi kupatana na marehemu hata siku moja, alitoka mle ndani anajifuta macho kwa kiganja, akadai ni vumbi. Kisha watu wakazoea, kama wanavyozoea kila kitu. Zima-Washa yeye hakuzoea. Alikuja kuikagua lifti ile mara nyingi kuliko lifti yoyote, akapanda hadi nane, akashuka hadi chini, akapanda tena, mkoba haujafunguliwa. Kule ofisini waliamini ndiye fundi mwenye bidii kupita wote.

Ubovu ulianza kwa wema. Mama alilalamika kwamba mlango wa lifti unafunga upesi, hajamaliza kuinua mguu wa pili tayari unambana begani. Mwana akasema hilo ni dogo, Mama. Akapanda kwenye chumba cha mashine juu ya paa, akaunganisha kompyuta yake, akafungua faili la mipangilio, akaongeza muda wa mlango, akahifadhi. Halafu, kwa mazoea tu, akazima, akawasha.

Lifti ikaamka. Ikapanda. Ikafika saba, ikatulia. Alipobonyeza nane, kitufe kiliwaka, kikafikiri kidogo, kikazimika. Kwa lifti ile, ghorofa ya nane ilikuwa haipo, haijawahi kuwapo, na wanaoishi huko watajua wenyewe wanaishi wapi.

Alifungua tena lile faili, akalikuta tupu, jeupe pee. Akaandika upya, akahifadhi, akafungua: tupu. Kila alichoandika kilimezwa. Kumbe kisanduku kikikuta faili tupu hakilii wala hakiulizi, kinarudi kwenye imani yake ya utotoni, ghorofa saba. Ikabidi akilazimishe kwa vitufe vyake mwenyewe kikumbuke nane kwa kichwa, bila kuandika popote. Hapo kilikumbuka vizuri kabisa, mpaka umeme ukatike.

Na umeme wa mtaa ule, jamani, ulikuwa na mambo yake. Ulikatika asubuhi, ulikatika mchana, ulikatika kwa sababu ya mvua na ulikatika kwa sababu hakuna mvua. Kila ulipokatika, ghorofa ya nane ilifutika duniani. Watu wa nane wakawa wanashukia saba na kumalizia kwa ngazi, wakipita mbele ya mlango wa yule jirani, naye akawa anawahesabia nyayo. "Leteni na vitanda basi mlale hapa hapa!" aliwapigia kelele. Kilichoumiza zaidi ni kwamba fundi wetu sasa alipigwa marufuku dawa yake mwenyewe. Akiizima anaharibu, akiiwasha imeharibika. Alifunga swichi kubwa kwa karatasi ya gundi na kuandika juu yake kwa herufi nene, USIZIME, na mtu aliyeona mwandiko huo akaujua, akacheka mpaka akakaa chini.

Haya yangekuwa mambo ya kuchekesha tu kama Bibi wa Simu asingekuwa anataka kuolewa.

Ndiyo, kuolewa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtengeneza saa, mjane, mtu wa maneno machache, amezoea kusogeza vitu kwa kibano. Aliitwa aje kutazama saa ya ukutani ya mama, ikatengenezwa. Wiki iliyofuata ikahitaji kutengenezwa tena. Haijapata kutokea saa ikatunzwa kama ile. Mwishowe wakasema wazi, siku ikapangwa, Jumamosi asubuhi kwa msajili wa ndoa, na baada ya hapo mama atahamia kwa Fundi Saa, nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja. Lakini kwanza atoke ghorofa ya nane. Fundi Saa alipopendekeza kwamba, mambo yakiwa mabaya, vijana wambebe kwenye kiti, mama alimkata jicho.

"Mimi kushushwa hapa nimebebwa ni mara moja tu," alisema, "na siku hiyo sitakuwa na habari. Kwa sasa nitashuka na lifti, nimesimama, nimevaa viatu nilivyovichagua. La sivyo, msajili aje huku juu, na kama hawezi, hakuna ndoa."

Na hakuwa anatania. Mama yule akisema hakuna, hakuna. Kwa hiyo ndoa nzima ikawa imening'inia kwenye kile kisanduku juu ya paa, na watu wakaanza kuhesabu moja na moja. Lifti inasahau ghorofa ya mama peke yake. Fundi wa lifti ni mwana wa mama. Mwana alikuwa kipenzi cha baba. Unataka waambiwe nini tena?

Dada yake mkubwa, aliyekuja kusimamia shughuli na kwa kawaida alisimamia kila kitu, alimvaa jikoni kwa mama, mlango umefungwa.

"Niambie ukweli, kaka. Unamfungia mama juu makusudi?"

"Dada, wewe nawe! Mimi?"

"Wewe. Lifti za mji mzima zinakutii, hii moja inakushinda?"

"Imejaa. Hakuna nafasi ya kuhifadhi. Hata nimefuta lugha tatu za yule bibi wa kiwandani, nafasi haikuongezeka hata punje."

"Sijui lugha, sijui bibi," dada alisema. "Ninachojua Jumamosi mama anashuka. Asiposhuka, mimi na wewe tutajuana."

Kitu ambacho hakumwambia dada, na hata yeye mwenyewe alikuwa anajifichia asikijue, ni kwamba alishahisi kilichojaza nafasi. Alichofanya ni kumpigia simu bosi wake, mwanamke ambaye mafundi wote walimwita Injinia, akitumaini ataambiwa kitu tofauti. Alisimama chini ukumbini, simu sikioni, akaeleza yote, pamoja na lugha tatu alizofuta.

Injinia alivuta pumzi. "Hapo ulipo kuna ubao wa matangazo?"

"Upo. Sheria za jengo, ziko ndani ya kioo, ufunguo anao mwenye jengo."

"Juu ya kioo watu wamebandika vitu?"

Alitazama. Paka amepotea. Chumba kinapangishwa. Aliyechukua ndoo arudishe. "Wamebandika mpaka sheria hazionekani."

"Basi ndicho kisanduku chako hicho. Kiwanda kimeandika ya kwake ndani ya kioo, hakuna anayeyagusa. Wewe kila unachobadilisha ni karatasi juu ya kioo. Anayesoma anaona yako, anadhani ndiyo iliyoandikwa. Sasa ukisema umefuta kitu cha kiwandani, hujafuta. Umebandika karatasi nyeupe juu yake ili kisionekane. Kiko palepale, na karatasi nyeupe nayo inataka pa kukaa. Ulitaka kupunguza, ukaongeza."

Zima-Washa alijipiga paji la uso. Haya alisomeshwa. Aliyafanyia hadi mtihani, akafaulu.

"Na karatasi yako ya ghorofa nane," Injinia aliendelea, "uliibandua ili uandike mpya. Mpya ikakosa nafasi. Kwa hiyo tafuta karatasi kubwa iliyojaza kioo. Kuna nini huko kikubwa?"

"Sauti," alisema.

"Sauti gani? Za kiwandani ziko chini ya kioo, hazihesabiwi."

"Za mzee."

Injinia naye alimfahamu Bwana Matangazo, nani hakumfahamu. "Unazo nakala?"

"Ninazo. Kwenye flashi, kwenye kompyuta, na kwenye simu ya dada."

"Basi humpotezi. Bandua kila kitu, kisanduku kirudi kama kilivyotoka kiwandani, andika nane, ongeza muda wa mlango, hifadhi. Kazi ya dakika chache. Tatizo liko wapi?"

Zima-Washa akasema mtandao wa simu ni mbovu, hamsikii vizuri. Injinia alikuwa anasikika kama yuko ndani ya mfuko wake wa shati.

Alijaribu njia ya katikati, tumpe haki yake. Alichukua zile sauti nyumbani kwake akazibana ziwe ndogo, ili baba na ghorofa ya nane watoshe pamoja. Alizibana mpaka mzee akawa anaongea kama aliyefunikwa ndani ya sufuria. Alimsikilizisha dada yake kwenye simu. Dada alicheka, akacheka, kisha kicheko kikageuka, akakata simu bila kuaga. Zima-Washa akalifuta lile jaribio. Heri baba asiwepo kuliko awe kichekesho, aliwaza, na papo hapo akawaza tena kwamba hapana, awepo. Hoja yake aliyoishikilia ilikuwa hii: mama. Mama ataingia kwenye lifti, asisikie sauti ya mumewe, tena siku anayoolewa na mwingine. Itamvunja moyo. Mwana gani anamfanyia mama yake hivyo? Alijiona mtu mwema sana.

Ijumaa umeme ulikatika, ukarudi, na Jumamosi asubuhi lifti ilikuwa ya ghorofa saba kama kawaida. Alipanda paani mapema, akakilazimisha kisanduku kikumbuke nane kwa kichwa. Leo tu, alijiambia. Mama ashuke leo, hayo mengine tutayatazama. Chini ukumbini watu wa jengo walishajaa, wamevaa, wamejipulizia. Akaenda mlangoni kwa mama. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, gauni la rangi ya zambarau, viatu vyeupe vyenye kisigino kidogo, mkoba mapajani.

"Twende, Mama, lifti iko tayari."

Mama aliweka mkono kwenye mkono wa kiti ajiinue, na taa ya koridoni ikazimika. Ikawaka tena papo hapo. Umeme ulipepesa jicho tu, basi, lakini kwa kisanduku hiyo ilitosha. Wakaisikia lifti ikijiamsha na kujirudisha chini, na mule ndani sauti ya mzee ikisema kwa mbali, kwa furaha, kwamba wamefika chini na mama watoto ashuke polepole. Kutoka ukumbini mguno mmoja mkubwa ukapanda na njia ya ngazi mpaka juu.

Mama akakaa tena. Dada alimtazama kaka yake kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo mimi.

Zima-Washa alitoka akakimbilia ngazi za kwenda paani, na hapo akasikia mtu anapanda kutoka chini, anahema, anapumzika, anapanda. Alikuwa Fundi Saa, koti lake jipya limelowa mgongoni. Alishika ukuta kwa muda kabla maneno hayajatoka.

"Shikamoo, Mzee. Kwa nini umejitesa kupanda?"

"Marahaba, kijana." Akahema. "Nimekuja kukwambia kitu, si cha kusema mbele ya watu. Nasikia sauti ya marehemu imo humo, na kwamba kuitengeneza lazima itolewe. Ni kweli?"

Zima-Washa alitikisa kichwa kukubali. Jengo lile siri haikai.

"Basi iache," Fundi Saa alisema. "Nitakwenda kumsihi mama yako. Tutashuka ngazi mimi na yeye, ngazi moja moja, tukichoka tunakaa, hata msajili afunge ofisi aende zake, tutarudi Jumatatu. Mimi sijaja kumtoa mtu. Saa zote ninazotengeneza zilishavaliwa na wenyewe, sijawahi kuona ajabu."

Kama yule mzee angemfokea, Zima-Washa angefokea pia na lifti ingebaki ilivyo mpaka leo. Lakini alisimama pale akiangalia jasho la mtu wa umri wa baba yake, aliyepanda ghorofa nane kuja kumwachia nafasi marehemu, na akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alimwambia, "Mzee, shuka taratibu ukamngojee chini. Bwana harusi anangojea chini." Akageuka upesi asionekane uso.

Chumba cha mashine kilikuwa na joto na harufu ya grisi. Aliunganisha kompyuta. Kabla ya kitu chochote alicheza lile tangazo la nane kwenye spika ndogo ya kisanduku. "Mwisho wa safari, hewa safi, vuta mpaka utosheke." Akavuta. Akaamrisha kisanduku kibandue kila kitu. Kikamuuliza kama ana uhakika. Akasema ndiyo. Kikamuuliza tena, maana mashine nazo zina adabu zao. Akasema ndiyo, na hapo akalia, fundi mzima, kamasi inamdondokea kwenye vitufe, wala hakujali.

Kisha akaandika nane. Akahifadhi. Akaandika muda wa mlango, mrefu, akaongeza kidogo tena, akahifadhi. Akabandua ile karatasi ya USIZIME. Akazima, akasubiri kidogo, akawasha. Akafungua faili. Nane ilikuwapo, imekaa kama haijawahi kwenda popote.

Lifti ilipofika ghorofa ya nane na kufungua mlango, dada alipiga kigelegele, kisha akateremka kwa ngazi mbio ili awahi kuwapanga watu chini. Mama na mwana wakaingia wawili tu. Mlango ukasubiri mpaka mguu wa pili ukaingia vizuri, na hata baada ya hapo ukasubiri. Halafu yule bibi wa kiwandani akaanza, kwa sauti yake ya manukato, lugha ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mama aliinua uso akatazama spika. "Huyu nani?"

"Ni yule wa kiwandani, Mama. Wa mwanzo."

"Si mlimfuta?"

"Hafutiki. Alikuwa chini muda wote. Baba alimfunika tu."

Mama alisikiliza lugha ya nne mpaka ikaisha, kwa makini, kama mtu wa kazi anayemsikiliza mwenzake wa kazi.

"Kumbe tulikuwa wawili," alisema.

Walipita ghorofa ya sita. "Nilidhani utaumia," mwana alisema. "Usipomsikia."

"Mimi? Baba yako nilimpenda, na wewe unajua. Nilimlilia mpaka nikakauka. Lakini, mwanangu, kila nikitoka kwenda kununua mkate ananiambia nishuke polepole. Amekufa na bado hajanyamaza." Alirekebisha mkoba begani. "Nilikuwa navumilia kwa ajili yako. Nilikuona unavyopanda na kushuka humu kama mtoto kwenye bembea. Nikasema mwache, siku atakayotosheka atamtoa mwenyewe."

Zima-Washa alicheka, na machozi yale ya paani yakapata wenzao. Wakapita ya tatu, bibi anatangaza ya nne. "Basi sasa nafasi ipo tele," alisema, akijifuta kwa mkono wa shati. "Ukirudi kuwatembelea majirani, nitaleta kipaza sauti. Urekodi wewe. Ghorofa zote. Ilikuwa iwe wewe tangu mwanzo."

"Yaani mimi naondoka," mama alisema, "wewe unataka nibaki kwenye lifti?"

Lifti ikatulia chini. Nje ya mlango palisikika watu wananong'onezana na dada anawanyamazisha. Mlango ukafunguka, ukakaa wazi. Fundi Saa alikuwa amesimama mbele, amefika sekunde hiyo, anahema bado, mkono ameunyoosha. Bibi wa Simu alitazama viatu vyake, akainua mguu wa kwanza, kisha wa pili, akatoka polepole, bila kuambiwa.